UMOJA HAUSAFIRI WENYEWE, HUBEBWA



Nawasalimu kutoka hapa Kamukuywa, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale. Nawasalimu mlio karibu: Kimilili, Misikhu, Kiminini, Kitale na Bungoma mjini. Nawasalimu mlio Nairobi na Mombasa kwa ajili ya kazi. Nawasalimu na ninyi mlio Doha, Dubai na Riyadh, mnaosoma ujumbe huu usiku baada ya kumaliza kazi za watu. Neema na amani ziwe nanyi nyote.

Neno letu la leo ni Wakolosai 2:1-5. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, usitegemee kusikia kwangu tu.

Nina swali moja kwako. Je, watu wasioonana wanaweza kuwa kitu kimoja katika kazi ya Mungu?

Ninauliza kwa sababu kanisa letu limetawanyika. Ukihesabu viti vilivyojaa Jumapili ukasema hilo ndilo kanisa, umeacha wengi. Kijana aliyekuwa akipiga kinanda sasa yuko Nairobi. Mwalimu wa shule ya Jumapili yuko Ghuba, anatunza watoto wa wengine ili wake wasome. Watumishi tuliosoma pamoja chuo cha Biblia wako Turkana, wako Busia, wako juu Mlima Elgon, na wengine wamevuka mpaka wakaingia Uganda. Na hata sisi wachungaji tulio kwenye njia hii moja, kutoka Kitale hadi Bungoma, tunaweza kumaliza mwaka mzima bila kushikana mikono.

Wazee wana misemo miwili juu ya jambo hili, na ukiisikia utadhani inapingana. Wa kwanza: fimbo ya mbali haiui nyoka. Wa pili: barua ni nusu ya kuonana. Mmoja unasema aliye mbali hakufai. Mwingine unasema aliye mbali anaweza kukufikia, lakini nusu tu. Mimi naamini yote miwili ni kweli, na leo nataka tuone Maandiko yanavyoiweka pamoja.

KWANZA: PAULO ALIWATUMIKIA WATU ASIOWAJUA KWA SURA

Wengi tunapomfikiria Paulo, tunamwona kila mahali. Amepanda kanisa hili, amehubiri mji ule. Lakini soma Wakolosai 2:1 kwa makini. Paulo anasema ana shindano kubwa kwa ajili ya watu wa Kolosai na wa Laodikia, na wote ambao hawajamwona uso wake. Hawakuwa wamemwona! Injili waliipokea kwa mkono wa Epafra, kama sura ya 1 mstari wa 7 unavyoonyesha. Paulo yuko kifungoni, wao wako kwenye bonde lao huko Asia, nchi tunayoiita leo Uturuki. Halafu katika mstari wa 5 anawaambia kwamba ingawa kwa mwili hayupo, kwa roho yuko pamoja nao, na anafurahi kuona utaratibu wao na uimara wa imani yao.

Mpendwa, watu wengi hulinukuu andiko hili kama kisingizio. Mtu hakuja kwenye mazishi, anasema, "Nilikuwa nanyi kwa roho." Hakuja kwenye harusi, alikuwa kwa roho. Hakutoa mchango, alikuwa kwa roho. Roho gani huyo asiye na miguu wala mikono?

Angalia jinsi Paulo alivyokuwa pamoja nao kwa roho. Nenda sura ya 4. Mstari wa 7 na wa 8, anamtuma Tikiko, mtu mzima wa nyama na mifupa, awaeleze habari zake zote na kuwafariji mioyo. Mstari wa 9, anamtuma pamoja naye Onesimo, ambaye ni mtu wa kwao. Mstari wa 12, Epafra, aliye mbali na nyumbani kwake Kolosai, anashindana katika maombi kwa ajili yao siku zote. Mstari wa 16, Paulo anaagiza barua ikishasomwa Kolosai ipelekwe Laodikia, na ile ya Laodikia isomwe Kolosai.

Unaona? Kulikuwa na barua. Kulikuwa na mtu wa kuibeba. Kulikuwa na mwombaji anayetaabika. Kulikuwa na makanisa mawili yanayobadilishana chakula cha kiroho. Hiyo ndiyo maana ya kuwepo kwa roho. Umoja hausafiri wenyewe, wapendwa. Umoja hubebwa. Mahali ambapo hakuna anayeubeba, utakufa hata kama watu wanaishi boma moja.

PILI: UMBALI HUJARIBIWA NA PESA

Sasa twende Filipi. Kanisa la Filipi lilisikia Paulo yuko kifungoni. Hawakuishia kusema, "Pole sana, mtumishi." Walikusanya msaada, wakamchagua Epafrodito aupeleke. Wengi wanaamini Paulo alikuwa Rumi wakati huo. Kama ni hivyo, Epafrodito alisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa nchi kavu na bahari. Hiyo ni mbali kuliko kutoka Kitale hadi Mombasa, na hakukuwa na basi la usiku. Wafilipi 2:25-30 inatuambia aliugua karibu kufa. Na kilichomhuzunisha zaidi ni kwamba watu wa nyumbani walikuwa wamesikia anaumwa! Alikuwa mgonjwa ugenini, na akili yake iko kwa hofu ya waliobaki. Wewe uliye Ghuba unalijua hilo. Unaumwa, lakini mama akipiga simu unasema, "Niko sawa."

Angalia pia jinsi Paulo alivyoshughulikia sadaka ya watu maskini wa Yerusalemu. Makanisa ya Makedonia, ambayo yenyewe yalikuwa na umaskini mwingi, yalichanga kwa ajili ya ndugu ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona. Soma 2 Wakorintho 8 yote. Lakini usiruke mstari wa 18 hadi wa 21. Paulo hakubeba fedha ile peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kulaumu. Anasema wazi kwamba anajali kufanya yaliyo mema mbele za Bwana na pia mbele za wanadamu.

Mtume mzima anatafuta mashahidi! Kwa nini? Kwa sababu anajua umoja wa watu walio mbali huanza kufia kwenye pesa. Ukiwa karibu, unaliona bati likipigiliwa misumari. Ukiwa mbali unatuma kwa M-Pesa, simu inalia, halafu kimya. Miezi mitatu kimya. Siku moja unasikia kwa mtu mwingine kwamba ukuta haujaanza. Hapo moyo unapoa, na moyo uliopoa ukiwa mbali ni vigumu kuupasha moto.

Kwa hiyo nasema na watumishi wenzangu. Mtu aliyetoka jasho jikoni kwa watu akatuma shilingi 500, hiyo si pesa ya kuchezea. Andika kwenye kitabu. Weka majina mawili au matatu, si lako peke yako. Mtumie picha ya bati. Mtumie picha ya kitabu chenyewe. Hiyo siyo kukosa imani, ni kumfuata Paulo.

TATU: UAMSHO ULIOPITA BILA SIMU

Labda unasema, "Pasta, hayo ni ya Biblia, ya zamani sana." Basi njoo karibu, hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka rohoni. Pale Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja, wakafungua Biblia, wakamtafuta Mungu juu ya Roho Mtakatifu. Halafu wakaachana. Mmoja akarudi Rwanda, mwingine akabaki Uganda. Watu wawili, nchi mbili, lugha mbili, rangi mbili. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, na mwaka wa 1937 kikundi cha walioamka kikafika Kabete, karibu na Nairobi. Ukaendelea Tanganyika na kwingineko. Hata leo ukimsikia mzee akisalimia kwa wimbo wa Tukutendereza, ambao ni wa Kiganda, unasikia mwangwi wa moto ule.

Ulisafirije? Vikundi vya watu vilifunga mizigo, vikaenda. Barua ziliandikwa zikapitishwa mkono kwa mkono. Mikutano mikubwa iliitishwa, watu wakatoka mbali wakakaa pamoja siku kadhaa, wakatubu mbele ya wenzao, kisha wakarudi makwao. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alitoka Uganda akaenda kutumika Gahini, na alifariki mapema mwaka wa 1936 akiwa bado kijana. Naye Nsibambi mwenyewe baadaye alifungwa nyumbani na ugonjwa kwa miaka mingi. Hakuweza kuzunguka tena. Lakini watu walikwenda nyumbani kwake kuombewa na kupata shauri, wakatoka pale wakaenda mbali kuliko alivyowahi kwenda yeye.

Mzee uliye nyumbani miguu inauma, sikia hilo. Mama uliyelazwa, sikia hilo. Kama huwezi kwenda, unaweza kuwa mahali ambapo wengine wanatokea.

NNE: UMBALI MBAYA ZAIDI HAUPIMWI KWA KILOMITA

Sasa niseme jambo zito, na naomba mnivumilie.

Katika nchi yetu, umbali uliotuua haukuwa wa barabara. Mwisho wa mwaka wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu zaidi ya 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia ndani ya kanisa pale Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo, wengi wao wanawake na watoto. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste, la Kenya Assemblies of God. Hapo hapo katika eneo letu, familia zilikuwa zinashuka Mlima Elgon kwa sababu ya vita vya mashamba vilivyoanza mwaka wa 2006. Kitale kulijaa wakimbizi wa ndani. Na mwaka huo huo wa 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Jirani na jirani walitenganishwa na ua tu, na kumbe walikuwa mbali kuliko Rumi na Filipi.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia. Tulikuwa likizo ya Krismasi. Ndugu niliyelala naye chumba kimoja, yeye kitanda cha chini na mimi cha juu, kwao ni Uasin Gishu, na kabila lake na langu siku zile hayakuwa yakisalimiana. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na magogo. Kadi za simu zilikuwa zimeadimika madukani. Nilijua tu kwamba yuko kwenye uwanja wa kituo cha polisi pamoja na watu wa kwao.

Nilikuwa na salio kidogo. Nikamtumia shilingi 20 kwa Sambaza. Wakati ule shilingi 20 ilikuwa haifiki mbali. Akapiga. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nitakuombea." Akanijibu, "Usiniambie utaniombea. Omba sasa, nikisikia." Nikaomba kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka salio likakatika katikati ya maombi. Hata Amina hatukufika.

Tuliporudi chuoni alinieleza kilichofuata. Wenzake walikuwa wamesikia sauti kwenye simu, wakamuuliza ni nani huyo. Akasema ni ndugu yake. Wakamuuliza ni wa kabila gani. Hakuficha, aliwaambia. Wengine walimgeuzia mgongo. Lakini mama mmoja aliyekuwa amepoteza nyumba yake alisema, "Mwambie apige tena."

Mpendwa, mimi sijui hesabu ya mbinguni, lakini najua shilingi 20 ile ilivuka vizuizi ambavyo lori la polisi halikuvuka. Yule ndugu leo ni mchungaji katika kaunti nyingine. Tunaonana mara moja kwa mwaka, pengine mbili. Lakini katika kila kipindi cha uchaguzi tangu wakati ule, tunapigiana simu kabla ya siku ya kura. Tunaomba papo hapo, hatuahidiani. Halafu kila mmoja anaingia madhabahuni kwake akijua hawezi kusema neno la kuwachoma watu wa mwenzake, kwa sababu mwenzake ameshika mkono wake.

Kila mchungaji anahitaji ndugu mmoja kama huyo, wa kabila lingine, wa upande mwingine. Na umtafute kabla moto haujawaka.

TANO: PAULO NA APOLO HAWAKUGOMBANA

Kuna kitu wengi hawakioni katika 1 Wakorintho. Kule Korintho watu walikuwa wamegawanyika. Huyu anasema ni wa Paulo, yule wa Apolo. Lakini soma sura ya 16, mstari wa 8 na wa 12. Paulo anaandika akiwa Efeso, na anasema amemsihi sana Apolo aende Korintho, lakini Apolo hakutaka kwenda wakati huo. Maana yake ni nini? Watumishi wawili wanazungumza, wanashauriana, wana amani. Wafuasi wao, ng'ambo ya bahari, wanapigania majina yao!

Ndivyo ilivyo hata leo. Mtu anatoka Bungoma anakwambia, "Pasta, yule wa Kitale amekusema vibaya." Mwingine anatoka Kitale anasema, "Yule wa Bungoma anachukua kondoo zako." Umbali unawapa wachongezi nafasi ya kufanya kazi. Dawa yake ni ndogo tu: mpigie simu mwenzako kabla hujaamini. Afadhali, panda matatu uende umwone. Nauli ni bei nafuu kuliko kanisa lililopasuka.

SITA: WEWE ULIYE MBALI SI MGENI, WALA SI MFUKO

Dada mmoja wetu yuko Saudi Arabia. Sitamtaja. Kule sheria hairuhusu makanisa. Walio Doha angalau wana eneo la Mesaimeer ambapo tangu mwaka wa 2008 Wakristo wameruhusiwa kukusanyika. Yeye hana hata hilo. Husikiliza mahubiri yetu usiku, ananyoosha nguo, sikio moja liko kwa simu na lingine kwa kengele ya mwajiri. Aliniandikia akauliza, "Pasta, mimi bado ni wa kanisa, au ni wa kutuma tu?"

Swali hilo lilinikata. Ni kweli, tumewazoeza ndugu walio nje kwamba tunawakumbuka wakati wa harambee. Mwili wa Kristo hauna kiungo cha kutoa pesa peke yake. Nikamwuliza, "Zamani ulifundisha watoto hapa. Ungependa kuendelea?" Tukamtumia majina ya watoto wa shule ya Jumapili, mmoja mmoja. Saa za Riyadh na za Kamukuywa ni moja, kwao ikiwa saa tatu usiku kwetu pia ni saa tatu. Kwa hiyo walimu wetu wa hapa na yeye wa kule wana saa yao moja ya kuwaombea watoto wale kwa majina. Mtoto akiugua, anaarifiwa. Mtoto akifaulu mtihani, anaarifiwa. Siku moja msichana mdogo alimwuliza mwalimu wake, "Yule mwalimu wetu wa kwa simu atarudi lini?" Alisema mwalimu wetu. Hajawahi kumwona.

Hiyo ndiyo Wakolosai 2:1. Hajamwona uso, lakini anajua kuna mtu anayemshindania.

SABA: LAKINI NUSU SI ZIMA

Sasa niwageukie ninyi mlio karibu.

Mnamo Machi 2020 serikali ilisimamisha ibada za kukusanyika kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa Julai, tuliruhusiwa watu 100 kwa saa moja tu, na waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani pamoja na watoto wadogo. Tulijifunza kutumia simu kufikisha Neno, na Mungu alitusaidia. Lakini tulijifunza pia kwamba yule mama mzee mwenye kabambe hana WhatsApp wala bando. Kwa hiyo tuligawana majina. Kila shemasi akapewa watu kumi wa kupigia simu na kuwasimamia mlangoni kwa umbali. Waliodumu katika imani si wale waliopata mahubiri mengi kwenye mtandao. Ni wale ambao mtu fulani aliwajua kwa jina.

Korona ilipita, na Bwana apewe sifa. Lakini kuna watu hawakurudi. Anaishi mita 300 kutoka kanisani, anasikia ngoma ikipigwa, anafungua simu akiwa kitandani anaandika, "Amina Pasta, niko pamoja nanyi kwa roho." Ndugu yangu, Paulo alikuwa na minyororo. Wewe una blanketi. Usitumie andiko la mfungwa kama upo huru.

Mtume Yohana alikuwa mwandishi, lakini mwishoni mwa barua yake ya pili, na tena ya tatu, anasema ana mengi ya kuandika ila hataki kuyaweka kwa wino. Anatumaini kuja, waongee uso kwa uso, ili furaha itimie. Na Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika. Barua ni nusu ya kuonana. Nusu ni baraka kwa yule aliyezuiwa. Kwa yule anayeweza kufika akakataa, nusu ni wizi, anawaibia wenzake ile nusu nyingine, ambayo ni uso wake.

Na ndiyo maana fimbo ya mbali haiui nyoka, isipokuwa kuna mkono wa karibu wa kuishika. Walio mbali wanatuma fimbo: maombi, sadaka, shauri, machozi. Walio karibu lazima wawe mkono. Mkono ukilala, fimbo italala chini na nyoka ataingia nyumbani.

BASI TUFANYE NINI JUMA HILI?

Mambo manne tu, mepesi.

Moja, mpigie simu mtu mmoja wa kanisa aliye mbali. Usimwambie utamwombea. Omba naye papo hapo kabla hujakata.

Mbili, kama umepokea chochote kutoka kwa aliye mbali kwa ajili ya kazi ya Mungu, mpe habari kamili na mbele ya shahidi, hata kama hajauliza.

Tatu, kama wewe ni mtumishi, mtafute mtumishi mwenzako wa upande mwingine, wa kabila lingine, na mpange siku ya kuonana. Usingoje kongamano.

Nne, kama uko karibu na unaweza kutembea, Jumapili njoo. Uso wako ni huduma.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, tunawaleta mbele zako wote walio mbali na madhabahu yao leo. Aliye Riyadh, mfunike. Aliye Turkana na maji hayapo, mtie nguvu. Aliye hospitalini, mguse. Wachungaji wa Kitale na wa Bungoma, na wote walio katikati, tupe mioyo isiyosikiliza uchongezi. Utuinulie akina Tikiko wa kubeba habari njema, akina Epafrodito wa kubeba msaada kwa uaminifu, na akina Epafra wa kushindana katika maombi. Na nchi yetu ikitikisika tena, Bwana, tukutwe tumeshikana mikono tayari. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba. Amina.

Andika mahali ulipo na jina la mji wako, ili tujue leo nani yuko wapi, na shemasi wetu akutafute kwa jina.

Ni mimi mchungaji wenu, Kamukuywa. Mungu awabariki sana.